Siku Gundi Alipowafuta Punda

"Basi pigeni marufuku na hewa! Maana nayo inapita barabarani mchana kutwa, haina kibali, na hakuna anayeiuliza!"

Hapo Gundi alikuwa amefika katikati tu, mwisho ulikuwa bado mbali. Alisimama kibarazani, nyundo mkono huu, kiatu cha mtu mkono ule, na mbele yake askari wa jiji amekumbatia kofia kifuani kama mtu aliyeleta habari za msiba.

"Gundi, mimi nimetumwa tu."

"Kila anayeleta balaa katumwa! Sijawahi kuona balaa limejileta lenyewe!"

"Kifungu kimebadilishwa, sasa kifungu kinasema..."

"Kifungu, kifungu! Kwenu mnapika vifungu?"

Mtaa mzima ulimwita yule askari Kifungu, kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila kutaja kifungu. Mtu mwema, tumbo mbele, miguu imechoka. Na habari yake siku hiyo ilikuwa fupi: kuanzia mwezi ujao, hakuna ruhusa ya kufanya kazi ya mikono kwenye kibaraza kinachotazama barabara. Kura ya mwisho ilikuwa Alhamisi, lakini kila mtu kule halmashauri alijua itapita. Ile hatamu ya punda haimwokoi mtu tena. Wote wafunge vitu vyao wahamie vyumba vya ghorofani, kule soko jipya.

"Ghorofani!" Gundi akatupa kiatu chini. "Wewe Kifungu, umewahi kukatikiwa na kiatu njiani?"

"Nimewahi."

"Ulipanda ngazi?"

Kifungu akakuna kisogo. "Niliruka kwa mguu mmoja mpaka hapa kwako."

"Ehe! Umesikia mwenyewe! Wateja wangu wote wanakuja wakiruka! Nani ataruka kwa mguu mmoja mpaka ghorofani? Panzi?"

Kifungu hakuwa na kifungu cha panzi. Akavaa kofia yake, akaondoka.

Sasa, ili ujue kwa nini mwanamke mzima anagombana na askari kwa ajili ya punda, kwenye mji ambao watoto wake wanamjua punda kwa picha tu, turudi nyuma kidogo.

Gundi ni fundi viatu. Jina hilo alipewa kwa sababu mbili. Ya kwanza, vidole vyake vina gundi tangu asubuhi mpaka anapokwenda kulala. Akikupa mkono unaondoka na kumbukumbu. Ya pili, ukianza naye ugomvi haubanduki. Aliolewa akiwa binti mdogo, akaingia kwenye nyumba yenye jiko moja na mama mkwe mwenye ulimi kama wembe. Jiko moja, hasira mbili. Akakimbilia nje, kibarazani kwa baba mkwe, akasema anakuja kumsaidia kushika uzi. Mpaka leo hajarudi jikoni sawasawa.

Huyo baba mkwe, marehemu sasa, alikuwa fundi wa hatamu za punda, wa mwisho mjini. Punda walipokwisha akageukia mikanda, kutoka mikanda akaingia kwenye viatu. Alimfundisha mkwewe kupaka uzi nta, kupitisha shazia, ile sindano nene, kwenye soli bila kujichoma, na kujua kwa kusikiliza tu mlio wa nyundo kama kisigino kimekaa au kinadanganya. Alipofariki alimwachia kona ya kibaraza pale kwenye nguzo, kile chuma chenye umbo la unyayo cha kugongea viatu, na hatamu moja. Ya mwisho aliyoitengeneza. Mwenye punda hakuja kuichukua.

Na hatamu ile ndiyo iliyolisha watu.

Kwa sababu zamani, enzi za mikokoteni ya punda, wakubwa wa mji walitunga sheria ndogo: marufuku mtu yeyote kufanya kazi ya mikono kwenye kibaraza kinachotazama barabara, isipokuwa awe anatengeneza hatamu au matandiko ya punda. Walikuwa na maana yao. Punda akikatikiwa na hatamu katikati ya njia, mji mzima unasimama, kwa hiyo fundi wake akae karibu. Wengine wote wapotee. Baadaye punda wakaondoka, malori yakaja, waliotunga sheria wakazikwa. Sheria ikabaki inapumua.

Sasa watu watafanyaje? Watu wana watoto. Wakatafuta njia.

Kibaraza chenyewe ni kirefu, kimepita mbele ya safu nzima ya maduka. Mwanzo kabisa yupo kinyozi, anaitwa Kipara, na upara anao kweli, unang'aa, na wateja wanamwamini hivyohivyo. Halafu fundi redio, kijana mrefu mwembamba, wanamwita Waya. Halafu mama wa cherehani, ambaye huwa haongei, pini ziko mdomoni. Mwisho kwenye nguzo ni Gundi.

Kila Ijumaa Kifungu alikuja kukagua, akianzia kwa kinyozi. Anamkuta Kipara ameshika hatamu mapajani, sindano juu.

"Unafanya nini hapo?"

"Natengeneza hatamu, mkubwa."

"Na huyu mwenye povu kichwani?"

"Huyu ndiye mwenye punda. Anasubiri."

Kifungu anasema sawa. Kisha anageuka kutazama barabara, polepole, kama mtu anayekagua mawingu, na huku nyuma hatamu inapita mkono kwa mkono. Akigeuka tena, hatamu iko kwa Waya.

"Na redio hii iliyopasuliwa tumbo?"

"Inanitumbuiza nikishona, mkubwa."

Redio yenyewe haina hata spika. Kifungu anasema sawa. Anatazama mawingu. Mama wa cherehani hata haulizwi, anaionyesha tu hatamu kwa kidole. Mpaka anafika kwa Gundi kwenye nguzo, jasho linamtoka, anakuta hatamu ileile ina joto la mikono ya watu wote.

"Gundi, hatamu hii haiishi?"

"Punda wa siku hizi wana maringo, mkubwa. Kila wiki wanabadilisha mtindo."

Wanacheka, Kifungu anakaa kwenye kigoda kupumzisha miguu, anaondoka. Ndivyo walivyoishi. Si maisha ya kujivunia, kufanya kazi halali kama mwizi, lakini ugali ulipatikana.

Mwezi uliopita ndipo halmashauri ikatangaza inafanya usafi wa kitabu chake cha sheria ndogo. Zote zilizopitwa na wakati zitafutwa, wananchi waje ukumbini watoe maoni. Tangazo lilibandikwa ukutani pale halmashauri, kifungu kwa kifungu, wiki nzima. Unadhani kuna mtu wa kibarazani aliyekwenda kusoma? Nani? Waya alisema macho yanamuuma. Kipara alisema ukutani pale kuna jua. Gundi alisema yeye sheria anaijua, ameishi nayo kuliko mume wake.

Lakini siku ya kikao walikwenda wote, wamevaa vizuri. Na kilikuwa kikao kitamu. Mwanasheria wa halmashauri, kijana mdogo mwenye mikono ya shati imekunjwa, alisimama akasoma moja moja.

"Marufuku kupiga mluzi mtaani baada ya taa kuwashwa."

Vicheko. Nyuma kabisa mtu akapiga mluzi. Ikafutwa.

"Mwenye baiskeli ashuke, aiongoze kwa mkono, akikutana na farasi."

"Na farasi naye ashuke?" mtu akauliza. Ikafutwa.

"Kinyozi haruhusiwi kung'oa mtu meno siku ya soko."

Kipara akasimama. "Kwani siku nyingine naruhusiwa?"

Ukumbi ukaangua kicheko mpaka mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akavua miwani kufuta machozi. Ikafutwa.

Ikafika sehemu ya wanyama wa kazi. Gundi alikuwa ameshapata moto. Unajua mtu akisikia watu wanacheka, ulimi unawasha, naye anataka zamu yake. Kabla mwanasheria hajafungua ukurasa, Gundi huyo, yuko juu.

"Mheshimiwa mwenyekiti! Mimi hata msinisomee! Popote palipoandikwa punda, futa! Mji hauna punda, kitabu kina punda wa nini? Wanakula nini humo ndani? Punda wote waondoke leo!"

Yalipigwa makofi, bwana. Watu walisimama. Kipara alipiga makofi mikono juu, Waya alipiga miguu chini, hata mama wa cherehani alitoa pini mdomoni akapiga vigelegele.

Mwanasheria akainua mkono. "Samahani mama, labda kwanza nisome kifungu kizima..."

"Tumeshawafukuza, mdogo wangu! Usiwafungulie mlango!"

Makofi tena. Hoja ikaungwa mkono, ikaandikwa. Jioni ile kibaraza chote kilikunywa soda, na Gundi akarudia hotuba yake kwa kila mteja aliyeleta kiatu, na kila mara inazidi kuwa ndefu.

Hawa watu walikosea wapi? Miaka yote wao waliiita "sheria ya punda". Walidhani ukimfuta punda umeifuta sheria. Kumbe punda alikuwa mkia tu wa kifungu, pale kwenye "isipokuwa". Mkia ulikatwa. Kichwa chenye meno kilibaki, na sasa hakina hata cha kukizuia. Wamejipalia makaa wenyewe, na wakayapulizia kwa makofi.

Ila siku Kifungu alipoleta habari, Gundi hakujua hilo bado. Yeye alijua amedhulumiwa tu. Alitoka pale kibarazani damu inachemka, nyundo kwenye mfuko wa aproni, akaenda halmashauri moja kwa moja. Kwenye korido kuna benchi, feni inayolia kama paka, na mlango wazi. Ndani, yule mwanasheria mdogo alikuwa anakula karanga.

"Wewe! Nataka kumjua mjinga aliyesema hatamu ifutwe na marufuku ibaki!"

Kijana akamtazama. Akaitazama na nyundo. Akasogeza karanga pembeni, akafungua kitabu, akakigeuza kumwelekea Gundi.

"Kaa mama. Soma hapa mpaka kwenye nukta."

Gundi akasoma, kidole kinafuata mstari. Alipofika kwenye nukta, kidole kikarudi mwanzo wa mstari. Akasoma tena. Kule korido feni inalia.

"Sasa hii... 'isipokuwa' hii ndiyo mliyofuta?"

"Ndiyo yenye punda."

"Nani alisema mfute?"

Kijana hakucheka, na kwa hilo anastahili pongezi. Alimsogezea karanga. "Wewe, mama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijaribu."

"Ungejaribu kwa sauti!"

"Ulikuwa unashangiliwa."

Gundi akachukua karanga moja, hakuila. Aliishika tu. Kona yake, nguzo yake, wateja wake wanaoruka kwa mguu mmoja, vyote vimekwenda kwa mdomo wake mwenyewe. Na si yeye peke yake. Kipara ana watoto wanne. Waya anamuuguza baba yake. Mama wa cherehani hakusema kitu maisha yake yote, siku aliyofungua mdomo ni kumshangilia yeye.

"Hakuna dawa?"

"Ipo." Kijana akafungua ukurasa mwingine. "Muda wa maoni umekwisha. Lakini mwenye hoja anaweza kuiondoa hoja yake kabla ya kura ya mwisho. Akiiondoa, kifungu chote kinarudi mezani, na hapo mnaweza kuomba kifutwe kichwa na mkia. Tena mimi nitakubaliana nanyi. Ila lazima aje mwenyewe Alhamisi, asimame palepale, aseme kwa mdomo wake."

"Aseme nini?"

"Kwamba alikosea."

"Hakuna neno jingine?"

"Kitabu hiki kina maneno mengi, mama. Kwa jambo hili lipo hilo moja."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Maana Gundi neno hilo hakuwahi kulitumia. Siku moja alishona soli ya kushoto kwenye kiatu cha kulia, mteja akalalamika, Gundi akamwambia miguu yake ndiyo imekosea pande. Na mteja akalipa, akaondoka anautazama mguu wake kwa mashaka.

Nyumbani alimkuta mama mkwe sebuleni, sinia la mchele mapajani, anachagua mawe. Habari zilikuwa zimeshamtangulia. Kwenye mtaa ule habari haina haja ya viatu.

"Karibu mkwe wangu. Leo umerudi na uso kama soli."

"Mama, usinianze."

"Nakuanza wapi? Nimesikia umewafuta punda wa mume wangu. Nakupa pole ya safari."

Gundi akaiweka mezani hatamu aliyoipitia kibarazani, maana haikuwa na kazi tena kule. Mama mkwe akaacha mchele. Akaivuta, akapitisha kidole kwenye mishono, ile ya zamani ya marehemu na ile iliyofumuliwa na kushonwa upya kila Ijumaa.

"Mishono yako imenyooka kuliko yake," akasema. "Sikuwahi kukuambia. Na sitarudia."

Gundi akavuta kiti. Akakaa.

"Unajua huyu mzee alivyokuwa mbishi? Punda walipokwisha mjini, yeye alikataa. Alikaa pale kwenye nguzo miezi, hatamu mpya mkononi, hakuna mteja. Nikimuuliza, anasema punda wako njiani wanakuja. Wako njiani! Sisi humu ndani tunakunywa uji asubuhi, uji jioni. Mpaka siku moja akaingia, akasimama hapo hapo mlangoni, akasema, mke wangu, nimekosea, hawaji. Kesho yake akaanza kushona mikanda, na tukala."

"Lakini yeye alikuambia wewe peke yako, mama. Mimi ni mbele ya mji mzima!"

"Wewe umejifuta mbele ya mji mzima, unataka ujirudishe kwa siri chooni?"

Mume wake Gundi, fundi rangi, mpole mno, alikuwa anavua viatu vyake vyenye madoa ya chokaa. Akainamisha kichwa ili asionekane anacheka. Mabega yakamsaliti.

"Fanya mazoezi," mama mkwe akasema. "Anza na kidogo. Sema: mama, mboga yako ya jana ilikuwa tamu kuliko yangu, nilikosea."

"Afadhali nihamie ghorofani!"

Mume akashindwa kujizuia. Akacheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi ikafika. Ukumbi ulijaa kuliko mara ya kwanza, maana watu walisikia Gundi atasema neno, wakaja kushuhudia kama wanavyokwenda kutazama kupatwa kwa jua. Mama mkwe alikaa mstari wa nyuma na mkoba mapajani. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye hoja anayetaka kuiondoa. Gundi akasimama. Miguu yake mwenyewe ilikuwa mizito kana kwamba mtu kaibandika sakafuni.

"Mheshimiwa mwenyekiti. Mimi siku ile nilisema. Na yaliyoandikwa si... yaani, jinsi mambo yalivyosikika... na hili jengo nalo lina mwangwi..."

Watu wakaanza kunong'onezana. Kutoka nyuma kabisa ikaja sauti:

"Mwangwi haukusema kitu! Sema mtoto!"

Ndiyo, mama mkwe.

"Nilikosea!" Gundi akapayuka, kama mtu anayetema kaa la moto. "Haya! Nilikosea! Nilisema futeni punda, sikusoma! Nilijua naijua sheria, kumbe najua mkia wake tu! Naiondoa hoja yangu, yote, na makelele yake!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Msinipigie makofi!" Gundi akageuka, kidole juu, macho yamemtoka. "Makofi yenu ndiyo yaliyoniponza! Siku ile mlipiga hivihivi, na hakuna hata mmoja wenu aliyesoma! Kipara, ulisoma? Waya, ulisoma? Kaeni chini, msikilize kwanza!"

Wakakaa. Ukumbi mzima. Hata diwani mmoja aliyekuwa amesimama kurekebisha suruali, akakaa.

Gundi akavuta pumzi, akaeleza kuhusu kibaraza. Akaeleza kuhusu mteja anayeruka kwa mguu mmoja, na ngazi za soko jipya. Mwenyekiti akauliza kama yupo mwingine wa kuongeza. Na aliyesimama, ukumbi haukuamini, alikuwa Kifungu, kavaa shati la nyumbani, anapindapinda kofia isiyokuwepo.

"Mimi kila Ijumaa natumwa kukagua hatamu pale. Ni hatamu moja, mheshimiwa. Nimeikagua mpaka naijua kuliko mke wangu. Kila mtu anajua, na mimi najua, na wao wanajua ninajua. Jiji linanilipa kutazama mawingu. Naomba kifungu kinipumzishe."

Mwenyekiti akavua miwani tena.

Lakini kazi haikuisha kirahisi hivyo. Yule diwani wa suruali, mtu mzima anayetembea na fimbo, akaomba nafasi.

"Mimi sitetei kifungu. Ila kibaraza ni njia yangu. Mguu huu hauna nguvu. Mkishatandaza viatu huku na redio huku, mimi napita wapi? Nashuka barabarani na malori. Dada fundi, niambie, mimi napita wapi?"

Gundi alikuwa ameshafungua mdomo, jibu liko tayari, kali, lina miiba. Kisha akawaza kibaraza chake. Kigoda cha Kipara. Ndoo ya Waya ya vyuma chakavu. Na rundo lake mwenyewe la viatu visivyochukuliwa, ambalo kila mwezi linanenepa. Akaufunga mdomo. Waliomfahamu wanasema hawakuwahi kuuona umefungwa ukiwa na jibu ndani.

"Hupiti," akasema. "Sasa hivi hupiti, kaka. Lakini utapita. Mume wangu ni fundi rangi. Atachora mstari, kibaraza chote, kuanzia kwa kinyozi mpaka kwenye nguzo. Upande wa ukuta kazi, upande wa barabara miguu. Atakayevuka mstari na kigoda chake, mimi ndiye nitakayemtoa."

"Hilo naliamini," diwani akasema, na watu wakacheka.

Mwanasheria mdogo akasema halmashauri inaweza kufuta kifungu chote, kichwa na mkia, na mahali pake iandike mstari mmoja: anayefanya kazi kibarazani aache njia ya watu kupita. Akasoma mpaka nukta. Gundi akamwambia asome tena. Akasoma tena. Mwenyekiti akaita kura, mikono ikaenda juu, na kifungu kikazikwa pale pale.

Jumapili mume akachora mstari mweupe, umenyooka kama mshono mzuri. Jumatatu saa mbili asubuhi Gundi alikuwa anamfokea Kipara kwamba mguu wa kigoda chake umekanyaga rangi. Kipara akasema ni nusu mguu tu. Wakaanza. Yule diwani akapita katikati ya ugomvi na fimbo yake, polepole, nafasi inamtosha, akasema habari za asubuhi. Gundi akamwitikia vizuri kabisa, kisha akamgeukia Kipara palepale alipokuwa ameishia.

Kitabu chenyewe hakijaisha. Bado kuna vifungu vya mikokoteni, vya wauza maji, vya akina mama wanaoanika nguo madirishani, na kila kimoja kina kichwa na mkia. Na usijidanganye kwamba ni mji ule tu. Kwenu kipo kitabu kama hicho, na ndani yake yumo mtu ambaye hujawahi kumwona, amezikwa zamani, bado anakupangia uketi wapi.

Kwa hiyo acha kunung'unika ukiwa umekaa. Kesho asubuhi nenda halmashauri ya kwenu. Omba sheria ndogo za mtaa wako, na wakikwambia karani hayupo, mngoje hapohapo. Soma kifungu kinachokugusa mpaka nukta, na usipokielewa, uliza mpaka ukielewe. Kikao kikiitishwa nenda mwenyewe, usitume mtu. Na mikono yako iache chini mpaka ujue unapigia nini makofi. Nenda.